Mkate Juu ya Kabati

Kijijini kwetu utani haumwachi mtu bila mtakatifu msimamizi. Kaka yangu Milutin ni mtakatifu msimamizi wa wachelewaji, maana hata siku ya ubatizo wake alifikishwa kanisani padri ameshavua joho. Tarishi ni msimamizi wa mbwa wenye hasira. Mimi Stamena wamenipa wenye shaka. Nikiingia dukani muuzaji anapaza sauti, "Wekeni mizani sawa, mtakatifu wa wenye shaka kaingia!" Wote wanacheka, nami nacheka nao, kisha naikagua mizani. Zaidi ya mara moja nimeikuta imeegemea upande wa mwenye duka, na hakuna aliyeniomba radhi.

Huo ni utani. Mtakatifu wa kweli mtu hamchagui. Anamrithi kwa baba yake pamoja na shamba na pua, na wetu ni Alimpije, yule aliyesimama juu ya nguzo zaidi ya miaka hamsini, na miguu ilipomshinda akalala ubavu hukohuko juu asishuke. Watu wanasema alikuwa anasali. Mimi nasema alikuwa anaangalia pia. Nyumba za Nikola zimejaa kila kijiji, za Georgi vilevile, lakini nyumba ya Alimpije utaitafuta kwa tochi. Ndiyo maana bibi zetu walituachia onyo: ukikutana na mtu wa Alimpije usimwoe wala asikuoe, kwa sababu huko nyuma lazima mmetoka tumbo moja.

Tuna desturi nyingine ambayo sijaiona kwa jirani yeyote. Siku ya slava, siku ya mtakatifu wa nyumba, mshumaa ukishawashwa na mkate ukishakatwa, kabla mtu hajatia kitu kinywani, mwenye nyumba anamega kipande na kukiweka juu ya kabati la vyombo, pembeni kushoto. Ni cha yule aliye juu ya nguzo, maana naye alipandishiwa chakula. Kesho yake wanakula ndege. Hatuitangazi desturi hii. Wageni wakiona wanadhani Milutin ameweka tu mkate pasipo pake, na kwa Milutin hilo halimshangazi mtu.

Desemba ile Dunja akamleta mchumba wake Ognjen kwenye slava yetu. Dunja ni binti wa Milutin. Mama yake alifariki yeye bado ananyonya, nami sikuwa nimeolewa, wala sikuolewa baadaye, kwa kuwa wanaume nao niliwatilia shaka. Nikamlea. Nimempenda kuliko nilivyowahi kupenda kitu chochote, na ninalisema waziwazi ili msije mkadhani niliyofanya niliyafanya kwa roho mbaya.

Kijana mwenyewe alikuwa mrefu, fundi wa friji, mikono safi. Mikono safi ya fundi mimi hainitulizi.

"Na nyinyi nyumbani mtakatifu wenu nani?" nikamuuliza kabla hajavua koti.

"Nikola, Shangazi."

"Nusu ya nchi ni Nikola. Hapo ni kama hujaniambia kitu."

"Shangazi!" Dunja akanivuta mkono. "Mwache hata anywe maji."

"Nimemzuia? Anywe."

Nyumba ilijaa. Ilikuwa mfungo wa kabla ya Krismasi, kwa hiyo mezani palikuwa na samaki, maharagwe ya kuoka na rakija, pombe kali ya plamu ya Milutin inayochoma koo. Padri Sava alisoma sala, akaukata mkate, akaugeuza pamoja na Milutin. Kisha Milutin, kama kawaida yake, akasahau. Alikuwa anakumbatiana na wageni mlangoni, na mkate wa aliye juu haukuwekwa. Nilikuwa na bakuli la supu mikononi, natafuta pa kuliweka nikamkumbushe. Hapo nikamwona Ognjen. Alisimama, akamega kipande cha mkate, akanyoosha mkono na kukiweka juu ya kabati, pembeni kushoto. Akarudi kukaa. Alifanya hivyo kama mtu anayetundika kofia nyumbani kwake.

Supu ilinimwagikia hadi kwenye viatu.

Nikamburuta Dunja jikoni. "Umemwambia habari za mkate?"

"Mkate gani?"

"Dunja, nitazame."

"Nakutazama, Shangazi. Mkate gani?"

Mtoto huyu akidanganya, pua inamwiva. Pua haikuiva. Nikatoka nje, nikamkuta Ognjen anapasua kuni bila kuombwa, jambo ambalo nalo lilinitia wasiwasi.

"Ognjen mwanangu, ule mkate umempandishia nani?"

Akainamisha macho. "Mkono tu, Shangazi. Umejiendea wenyewe."

Mkono umejiendea! Usiku ule sikupata usingizi. Niliona jibu moja tu: huyu ni mtu wa Alimpije na anaficha. Na anayeficha mtakatifu wake anaficha ukoo wake. Kama ni damu yetu, Dunja anakwenda kuolewa na ndugu yake. Nikisema hadharani bila uhakika, nitaivunja harusi ya mtoto wangu kwa kipande cha mkate, na hatanisamehe. Nikinyamaza, dhambi ni yangu. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini huwezi kumnyang'anya mtu mume kwa sababu ya wingu. Ilibidi nikajionee.

Jambo jema la slava ni kwamba haina mwaliko. Anayewajua anakuja, na mlango haufungwi. Siku ya Nikola ilipofika nikavaa koti langu la kanisani.

"Unakwenda wapi?" Milutin akauliza.

"Kwa daktari wa meno."

"Na koti hilo? Hayo meno yanaolewa?"

Nilibadilisha mabasi njiani, nikafika kijijini kwa akina Ognjen theluji imeanza kudondoka. Baba yake, Tihomir, mtu mnene mwenye sauti ya upole, alikuwa amesimama mlangoni na chupa, kama inavyompasa mwenye nyumba siku hiyo. Hakuniuliza nimefuata nini. Alinipa ngano tamu ya kuchemshwa kwa kijiko, akanimiminia kinywaji, akanikalisha karibu na jiko la kuni. Ukutani kulikuwa na picha ya Nikola, ya zamani, imekolea moshi. Hiyo si picha ya kununuliwa juzi. Kumbe hapo kijana hakudanganya, nami nikazidi kushuku, maana mwongo anayesema kweli ndiye mbaya zaidi.

Nikanyanyuka, nikajifanya nausifu mlango wa kabati lao, nikapitisha kiganja juu. Vumbi tupu.

Ognjen alikuwa ananitazama. Nilitegemea abadilike rangi. Badala yake alipumua, kama mtu aliyengoja basi mpaka akaliona linakata kona.

"Shangazi," akasema taratibu, "bibi yuko chumba cha nyuma. Anakungoja."

"Ananingoja vipi na sikumwambia mtu nakuja?"

"Nenda tu."

Chumba cha nyuma kilikuwa kidogo na chenye joto. Bibi mmoja mwembamba, kitambaa cheusi kichwani, aliketi kitandani akimenya viazi. Juu ya kabati lake, pembeni kushoto, palikuwa na kipande cha mkate.

"Umefanana na Kosara," akasema. "Macho yaleyale ya kupekua."

Kosara ni mama yangu, na amelala kaburini muda mrefu. "Wewe ni nani?"

"Vidosava. Vida. Kwenu huenda mlinipa jina jingine."

Nilimjua palepale. Nyumbani kwetu vipo vijiko vya fedha vya slava, vya babu wa babu, na kila mpini umechorwa nguzo. Vilikuwa sita. Tangu nizaliwe nimevikuta vitano. Kila mwaka mama alipovitoa alisema maneno yaleyale: cha sita kaondoka nacho yule mwizi aliyeokotwa na baba yenu.

"Wewe ndiye uliyeokotwa," nikasema.

"Ndiye mimi. Vita vilikuwa vimekwisha na watu wangu wote wamekwisha navyo. Baba yako akanikuta barabarani, akaniketisha juu ya gari lake la ng'ombe. Nilikaa kwenu mpaka nikawa msichana. Mkate nilikuwa naupandisha mimi, maana baba yako mgongo ulimuuma. Damu yenu sina hata tone, kwa hiyo kama umekuja na hofu hiyo, itue."

Nikaitua. Mungu anisamehe, nilitaka kumbusu. Lakini aliendelea kumenya viazi.

"Siku ya slava kijiko hakikuonekana. Mama yako akamwaga furushi langu mbele ya wageni. Nguo zangu za ndani, Stamena, mbele ya padri. Hakukuta kitu. Hata hivyo kesho yake nikatolewa nyumbani. Mlikuwa bado hamjazaliwa, wewe na kaka yako, siwalaumu. Mjukuu wangu alipotaja nyumba ya Alimpije nikajua ni wapi. Nikamwambia: nenda, pandisha mkate, usiseme kwa nini. Kama katika nyumba ile amebaki mtu wa kuona, atakuja. Kama hakuna, basi nimeshasahauliwa, na hatuoi mahali nilikosahauliwa."

"Nimeona. Nimekuja. Sasa unataka nini?"

"Niingie kwa mlango wa mbele, siku ya mtakatifu, mshumaa ukiwaka. Na mtu wa damu ya Kosara aseme mbele ya watu kwamba Vida hakuiba. Basi. Ognjen ameniahidi: bila hilo hakuna harusi. Anampenda huyo binti, usifikiri hampendi. Analia usiku, namsikia. Lakini amenipa ahadi."

Nikamkazia macho. "Ulikichukua, hukukichukua?"

Akaweka kisu chini. "Unaniuliza?"

"Nakuuliza."

"Mimi sikuombi uamini, mwanangu. Nakuomba useme."

Nikaondoka na basi la jioni, na njia nzima nikawa nayatafuna maneno yale. Ameniambia mengi, lakini hakuniambia hakuchukua. Mtu mwingine asingeligundua. Mimi nililigundua kabla sijafunga mlango wake, na lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Sisi tuna slava ndogo mwezi wa Mei, miti ya plamu ikiwa imeshamaliza maua. Ni mshumaa, ngano na majirani. Nikawaeleza nyumbani, tukapatana na Vida itakuwa siku hiyo, na kwamba nikisema, harusi itakuwa Jumapili ifuatayo. Milutin kwake lilikuwa jambo dogo.

"Sema tu, Stamena. Maneno hayalipiwi ushuru."

"Mbele ya mshumaa? Niape kwa jambo nisilolijua?"

"Kwani mama alilijua?"

"Wewe uliwahi kuona kijiko kinatembea?"

"Sijaona kijiko kikitembea, wala sijaona wewe ukilala tangu Desemba."

Dunja hakunibembeleza. Hilo ndilo lililoniumiza. Alipungua mwili, akawa anavaa koti lilelile siku zote na kujibu "ndiyo, Shangazi," "hapana, Shangazi," kama mpangaji. Jioni moja tukichambua maharagwe akaniuliza bila kuinua kichwa:

"Maisha yako yote, Shangazi, umewahi kumwamini nani?"

"Wewe."

"Mimi uliniuliza habari za mkate ukanikagua pua."

Maharagwe yakaisha, tukaenda kulala.

Siku ya slava ndogo watu walijaa kuliko desturi, maana habari ilikuwa imevuja. Muuzaji wa duka alikuja na mkewe. Tarishi alikuja na mkono uliofungwa bendeji. Vida akaingia kwa mlango wa mbele, ameshikwa mkono na Ognjen, kitambaa kipya kichwani. Alipofika kizingitini akainua macho na kutazama juu ya kabati. Kipande cha mkate kilikuwapo. Nilikipandisha mwenyewe asubuhi kwa kuwa sikumwamini Milutin.

Padri Sava akamaliza sala. Mshumaa ukawa unawaka. Dunja alisimama kando ya jiko, amekunja mikono, na uso wake ulikuwa mweupe. Nikaikumbuka siku alipoanguka mtini akiwa mdogo, jinsi alivyonitazama kabla ya kulia, kuona kwanza kama mimi naogopa.

Nikasimama. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

"Nyumba hii ilimwita Vidosava mwizi na hakuna aliyeona. Mama yangu alisema, nasi tukarithi kusema. Mimi ni binti wa Kosara. Nasema mbele ya mshumaa huu na mbele yenu nyote: Vida hakuiba."

Hapo muuzaji wa duka akamnong'oneza mkewe, na wote tukamsikia, "Mtakatifu wa wenye shaka ameacha kazi!" Watu wakacheka, Padri Sava akacheka, Dunja akanirukia shingoni akilia, na mimi nikalia pia, kwa mara ya kwanza mbele ya watu tangu mazishi ya mama yake.

Vida hakulia. Nilimletea sinia mwenyewe: bakuli la ngano, vile vijiko vitano ndani ya glasi, na glasi ya maji ya kutumbukizia vilivyotumika. Akafanya ishara ya msalaba, akachota ngano, akala taratibu, akakiinamia kijiko na ile glasi ya maji kwa muda mrefu. Nilidhani macho yamemlemea. Wazee wengine wakachota baada yake.

Jua lilikuwa bado juu wageni walipoanza kuaga. Nikaenda jikoni kuosha. Nikaimwaga glasi ya maji juu ya kitambaa na kuanza kufuta vijiko kimoja kimoja. Nilipomaliza kufuta cha tano nikaona bado kimebaki kimoja.

Kilikuwa cheusi kwa kukaa miaka bila kusuguliwa. Nikausugua mpini kwa kidole gumba. Nguzo ikatokea.

Siwezi kueleza hasira niliyoipata. Mbele ya mshumaa! Mbele ya padri! Mama yangu amelala kaburini, na mimi leo nimemfanya mwongo, kumbe alikuwa sawa! Nikatoka mbio na kijiko kimefichwa kwenye aproni. Gari la Tihomir lilikuwa bado getini. Vida ameketi kiti cha mbele, dirisha liko wazi, furushi la mkate magotini. Ognjen na Dunja walikuwa nyuma ya gari wakipakia sufuria, na Dunja alikuwa anacheka. Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu Desemba.

Nikainama dirishani. "Bibi Vida, hujasahau kitu kwetu?"

Akanitazama kwa macho yake makavu. "Hapana, mwanangu. Mimi sijasahau kitu hata siku moja."

"Furushi lako walilimwaga. Hawakukuta kitu."

"Hawakukuta, kwa sababu hakikuwamo." Akanishika kidole kimoja kupitia dirishani, akakibana. "Kesho yake asubuhi, nikiwa mlangoni na jina nimeshapewa, kijiko kiko kwenye dirisha la jikoni, nyuma ya chungu cha maua. Wamekiweka wenyewe na kukisahau. Nikasema moyoni, haya, jina la mwizi nimeshalilipia, na kijiko chake nichukue."

Huenda ilikuwa kweli. Huenda alikuwa na miaka mingi ya kuitunga. Mimi, ninayeikagua mizani ya duka, sikuwa na kitu cha kumpimia.

"Kuna nini, Shangazi?" Dunja alikuwa ameshafika ubavuni kwangu.

Neno moja lingetosha. Nililiona likiwa tayari kinywani.

"Hakuna," nikasema. "Namwambia bibi yenu afunge dirisha, kuna upepo."

Gari likaondoka. Nikarudi ndani, nikaburuta kiti mpaka kwenye kabati, nikapanda na goti langu bovu. Kijiko nikakilaza pembeni kushoto, nyuma ya mkate, kwa yule ambaye kazi yake ni kuona kila kitu na kutoshuka.

Siku ya kuandaa harusi Milutin alichelewa kama kawaida, akanikuta nafungua mkoba wa vijiko.

"Vya fedha viko vingapi?" akauliza, anataka kupanga meza ya wazee.

"Vitano," nikasema. "Umesahau? Tangu enzi za mama ni vitano."